Jina Lililokosekana kwenye Kadi ya Mama Yako

Migori, Jumapili, jua bado liko juu

Awino, binti ya dada yangu,

Mmetoka sasa hivi, wewe na Mama Ouma wangu, kwenda kanisani kuombewa safari. Nilisema goti linaniuma. Goti haliniumi. Nimebaki nyumbani nikuandikie, maana kesho asubuhi ukibeba boksi lako kwenda Sindo mdomo wangu utajaa maneno ya kuchekesha, unanijua, na neno moja ninalotaka kulisema litabaki ndani. Nimejaribu tangu Jumatano. Alhamisi nilikufuata mpaka kwenye kamba ya nguo nikiwa nimeliandaa kabisa, nikafungua mdomo, nikajikuta nakueleza habari ya kiboko aliyeng'olewa jino kule Karungu. Ukacheka mpaka ukaangusha shuka kwenye matope. Nikarudi ndani.

Barua hii nitaiweka chini kabisa ya boksi, ndani ya ile taulo ya kijani, pamoja na kipimajoto na bahasha ndogo. Bahasha usiifungue mpaka umalize kusoma. Nakuomba hivyo kama mtu mzima anavyomwomba mtu mzima.

Neti ya mbu, maji ya kuchemsha, vijana wa maboti wenye ulimi wa asali, hayo Mama Ouma amekwisha kukuambia, na kesho atayarudia pale stendi mbele ya makanga. Mimi nataka tuongee habari ya kuosha filamu za meno. Nakusikia: "Nera, hata barua ya kuagana ni eksirei?" Hujawahi kuniita mjomba kwa Kiswahili tangu uje kwetu ukiwa na miaka saba na pengo mbele; ni Nera tu, kama Mjaluo yeyote anavyomwita kaka ya mama yake. Ndiyo, ni eksirei. Wenzangu wanawaachia watoto shamba. Mimi nimekuachia mkono wa kazi, na mkono wenyewe una kasoro.

Kinachonifanya niandike ni lile taya la mbuzi.

Jumamosi ya wiki iliyopita Daktari wa meno, bosi wangu, alituruhusu tutumie mashine yake ya eksirei, kwa kuwa ulimweleza kwamba kliniki yenu mpya ya Sindo bado inaosha filamu kwa mkono, na chuoni mlifundishwa kompyuta tu. Ukaenda buchari ukaomba taya la mbuzi. Ukalipiga picha sita, kwa heshima, kama taya la mzee wa kanisa. Tukaja kuziosha hapa nyumbani, kwenye lile bafu nililoliziba kwa magunia, katika matangi yangu matatu niliyoyaokota siku kliniki ilipoyatupa. Nilisimama nyuma yako. Nilitaka kuona mikono yako inajua nini.

Devolopa, ile dawa ya kwanza inayotoa picha, ilikuwa imepungua. Ukachukua jagi la maji ukaijaza. Kipimajoto kilikuwa kinaning'inia pale pale, hukukitazama. Ukazamisha filamu, na kabla ya dakika kufika ukainyanyua, ukaisogeza karibu kabisa na taa nyekundu, ukafumba jicho moja.

"Imeiva, Nera."

"Umejuaje?"

"Si jicho? Jicho la ukoo."

Nikapiga makofi. Mama Ouma akauliza kutoka jikoni kama tumeua nyoka. Meno ya mbuzi yalitoka yamepauka kama yamechorwa kwa maziwa, lakini wewe ulikuwa unaruka, nami nikaruka nawe huku nikilitazama jagi. Jagi lile ni langu, Awino. Kufumba jicho ni kwangu. Nilikuwa najitazama mgongoni.

Jioni hiyo hiyo ukanieleza ulivyopata kazi. Yule mama mkuu wa kliniki ya Sindo alikuuliza kwa nini unaitaka kazi hii, ukamsimulia habari ya Nera wako aliyeuona ugonjwa wa mama yako kwenye filamu wakati madaktari hawakuuona. "Pale pale, Nera, akasema kazi ni yangu."

Mimi sikuuona. Hilo ndilo neno. Limeandikwa, na kalamu haijavunjika.

Sasa wacha nianze mwanzo, na nitajaribu kukuambia idadi za kweli.

Niliingia kwa Daktari kama mfagiaji. Hilo hujalisikia, maana mimi husema niliitwa kwa barua. Barua haikuwepo. Shule niliiacha darasa la saba, nikapewa ufagio. Kijana aliyekuwa akiosha filamu alipata kazi Kisumu, na Daktari akaniuliza, "Zakaria, unaogopa giza?" Nikamjibu kwamba nimewahi kukaa siku tatu ndani ya shimo la dhahabu Osiri bila taa, nikila mizizi. Sijawahi kuingia shimo lolote. Osiri nilikuwa napeleka chapati, naziuza pale juu kwenye mdomo wa shimo, na nilikuwa naogopa hata kuchungulia. Daktari akacheka sana, akanipa ufunguo wa chumba cha giza. Siku hiyo nilijifunza kwamba uongo mtamu unafungua mlango. Nimechelewa sana kujifunza mengine.

Chumba kile nilikipenda. Kushoto devolopa, katikati maji, kulia fiksa, ile dawa ya pili inayoikamata picha isikimbie. Taa moja nyekundu, ndogo kama jicho la mlevi. Unafunga mlango, unapasua kifuko, unatoa karatasi nyeusi na kile kibati laini cha madini ya risasi, na unabaki na kitu kidogo kama stempu ambacho hakina lolote juu yake. Unakishika pembeni, unakibana kwenye kibanio, unakizamisha. Unangoja. Halafu, nyathina, mwanangu, jino la mtu linakuja. Linatoka kusikojulikana, kwanza mizizi, kisha kichwa, kama mtu anayeinuka majini. Mtu aliyeacha shule darasa la saba, amesimama gizani peke yake, anaona mfupa wa mwalimu mkuu. Ungekuwa wewe usingejivuna?

Daktari alikuwa na desturi yake. Filamu ikikauka inabandikwa kwenye kadi ngumu yenye kidirisha, na chini ya kadi kuna mistari miwili: jina la mgonjwa, na jina la aliyeiosha. Wenzangu wa kliniki nyingine huandika herufi mbili basi. Mimi niliandika lote, Zakaria Okumu, kwa wino mwekundu, na mkia wa ile U ya mwisho nikauburuta mpaka ukingoni. Daktari aliniambia, "Bwana, jina lako ni kubwa kuliko meno ya mgonjwa." Nikamwambia, "Daktari, fundi anaweka muhuri."

Nilikuwa mzuri, hapo sidanganyi. Lakini zile hadithi zangu zirekebishe kidogo. Yule mchimbaji wa Osiri aliyeficha punje ya dhahabu ndani ya jino bovu, nami nikaiona inang'aa kwenye filamu? Ilikuwa ziba ya kawaida ya jino. Wale wagonjwa kumi na wanne niliowaoshea filamu siku umeme ulipopotea, kwa mshumaa uliofunikwa karatasi nyekundu ya biskuti? Walikuwa watatu, na filamu zote tatu zilitoka nyeusi tii. Yule mwalimu kutoka upande wa Kehancha, ambaye nasema nilimwokoa asing'olewe jino zima? Mimi ndiye niliyegeuza filamu yake kwenye kadi. Unajua kile kitone kwenye kona ya filamu, ambacho ukikipapasa kinainuka kama chunusi? Kinatakiwa kikutazame wewe, ndipo kushoto kunabaki kushoto. Nilikibandika kimelala kifudifudi. Mwalimu alijiokoa mwenyewe. Koleo lilikuwa limeshaingia mdomoni akapiga kelele, "Ng'o! Huku! Huku!" na kupiga shavu lake la pili. Na ile filamu yenye magamba ya samaki, niliyowaambia ni ya mvuvi aliyekula mbuta mpaka akawa mbuta? Kifuko kiliwekwa kinyume mdomoni, kibati cha risasi kikatangulia mbele, na michoro yake ndiyo ikatoka kama magamba. Mkiona magamba hayo kule Sindo msicheke. Mrudieni mgonjwa kwa kifuko kingine.

Naona nazunguka. Nakuja.

Daktari alikuwa akilalamika kwamba devolopa inaisha haraka. Nikamwambia, "Niachie mimi. Chupa moja nitaifikisha mahali hakuna mtu amewahi kuifikisha." Alicheka, akaniachia. Kuifikisha kulikuwa rahisi: ikipungua, unaongeza maji. Dawa ilikuwa inachoka kila siku, nami sikuona, kwa sababu inachoka kama mtu anavyozeeka, leo hana tofauti na jana. Filamu zilipoanza kuchelewa kuiva nikawa nazinyanyua kuzitazama kwenye taa, nazirudisha, nazinyanyua tena. Nikawaambia watu hilo ni jicho. "Wengine wanatumia saa, mimi natumia jicho." Ukutani palikuwa na karatasi inayoonyesha joto la dawa na dakika zake, na kila kasoro inatoka wapi. Ilikuwa ya Kiingereza. Niliwaambia wote nimeikariri.

Mama yako alikuja siku ya soko. Shavu la kulia lilikuwa limejaa kidogo, ungedhani ameweka njugu. Alikuwa amevaa gauni la maua, lile ambalo Mama Ouma alilikata baadaye akakushonea sketi.

"Zakaria, leo unipige picha nzuri, hata kama ni ya meno. Sijapigwa picha tangu harusi."

"Keti. Utatoka kama malkia."

"Malkia mwenye jino bovu."

"Hao ndio wengi."

Nikaingia gizani na filamu yake. Nje ya mlango nilimsikia mama yako akiwaambia waliokaa kwenye benchi, kwa sauti ya kusikika, "Huyo aliye ndani ni kaka yangu." Nikainyanyua filamu. Haijaiva. Nikairudisha. Nikainyanyua tena nikaiweka karibu na taa, karibu sana, kama ulivyofanya wewe. Nilitaka nitoke haraka niwe kaka yake mbele ya watu. Nikaipitisha majini, nikaichovya kwenye fiksa kidogo tu, nikatoka nayo ikidondoka.

Daktari akaiinua dirishani. Chini ya jino la nyuma, pale mfupa wa taya ulipotakiwa kuonekana, palikuwa na rangi ya kijivu, sawasawa, kila mahali.

"Zakaria, hili ni taya au ni ukungu wa ziwa?"

Hapo ndipo, Awino. Kama ningerudishwa mahali pamoja tu katika maisha yangu, nisingeomba ujana. Ningeomba pale dirishani. Nilitakiwa kusema, "Nirudie, Daktari." Filamu zilikuwepo, kopo zima. Mama yako alikuwa pale kwenye kiti, hana haraka. Nikasema, "Daktari, mifupa ya ukoo wetu ni myepesi. Baba yetu alikuwa anaelea ziwani kama boya la wavu. Ndivyo tunavyotoka kwenye picha."

Daktari akacheka. Benchi lilikuwa limejaa, mtoto mmoja analia, na mimi nilikuwa mtu wa kuaminika. Mama yako naye akacheka, akanisaidia uongo wangu bila kujua ni nini: "Kweli, Daktari, hata mimi sizami."

Jino lilikuwa na tundu, na tundu lilionekana bila filamu. Likang'olewa. Akapewa dawa, akaenda nyumbani. Mimi nikaandika jina langu kwenye kadi, mkia mpaka ukingoni.

Uvimbe haukwenda. Alinyamaza nao miezi, unajua mama yako alivyokuwa, mpaka shavu likawa linavuta jicho. Daktari akasema twende hospitali Homa Bay. Nikaambiwa nibebe na ile filamu ya zamani. Kabla ya kuondoka niliitoa kwenye faili, nikachukua wembe, nikakwangua jina langu. Nilikwangua taratibu, mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu.

Kule Homa Bay walimpiga picha kubwa, ya taya zima. Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, mpole. Aliiweka kwenye taa, nami nikaona. Awino, nimeona mataya mengi, lakini taya la dada yangu lilikuwa limeliwa kwa ndani kama mlango ulioingia mchwa. Kisha akachukua ile filamu yangu ndogo, akaitazama, akaigeuza, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Hii ilioshwa na nani?"

Mimi, mtu ambaye hata nikipanda mche wa papai huwa naandika tarehe na jina kwenye kibao. Nikasema, "Sijui, daktari. Kijana fulani. Alishaacha kazi."

Mama yako aligeuka akanitazama. Alikuwa anaongea kwa upande mmoja wa mdomo wakati huo. Akamwambia daktari, "Ni kweli. Kijana fulani tu. Mvivu."

Tulipotoka nje tukakaa kwenye benchi kungoja karatasi. Hakunitazama. Alikuwa anatazama watu wakipita na mafaili yao. Akasema, "Zakaria. Leo umekosa jina?" Kisha akacheka, ameshika shavu kwa sababu kucheka kulimuuma. "Wacha. Jina lako lingejaza faili lote."

Hakulitaja tena jambo hilo mpaka alipokufa. Sijui kama alinisamehe au alichoka tu. Nimefikiria yote mawili.

Siku moja nilimvizia yule daktari kwenye veranda, nikamuuliza kama uvimbe ungeonekana mapema, kwenye ile filamu ndogo, kama yule kijana angeiosha vizuri. Akasema, "Mzee, labda. Labda haukuwa umefika pale bado. Filamu hii haiwezi kuniambia." Nimeibeba hiyo "labda" miaka kumi na mitatu. Ingekuwa ndiyo ningejua la kufanya na mimi mwenyewe. Ingekuwa hapana ningelala. Alipasuliwa, hakurudi vizuri, na wiki ya tatu tulimleta nyumbani akiwa amefunikwa.

Kwenye matanga watu walikuwa wanauliza ugonjwa ulianza vipi. Mzee mmoja akasema, "Si wewe Zakaria uliyempiga picha ya kwanza?" Ulikuwa umelala mapajani mwangu, au nilidhani umelala. Nikasikia sauti yangu inasema, "Mimi ndiye niliyeona kwanza. Niliwaambia. Hawakusikia." Watu wakatikisa vichwa. Mmoja akaniletea chai. Wewe ukafungua macho ukanitazama kama mtu anayetazama ukuta ambao anaweza kuuegemea.

Nilifikiri nitairekebisha baadaye, ukikua. Lakini uliipenda. Ulikuwa unaniomba, "Nera, nisimulie ulivyoona." Ningefanyaje? Kila nilipoisimulia iliongezeka, na wewe ulikuwa unalala vizuri siku hizo. Ukaenda sekondari nayo. Ukaenda chuo nayo. Sasa umepata nayo kazi.

Kuna kitu kingine, na hiki ndicho kinaniuma zaidi hata ya kile cha dirishani. Unakumbuka ulipokuwa darasa la sita nilikuletea karatasi yenye madoa, nikasema nataka kupima Kiingereza chako? Ulinisomea mstari kwa mstari, umekaa juu ya jerikeni, na mimi nikaitikia, "Sawa, sawa, umepita." Ilikuwa ile karatasi ya ukutani. Wewe ndiye uliyenifundisha kazi yangu. Ulinisomea kwamba dawa iliyopungua huongezwa dawa, haiongezwi maji. Kwamba devolopa ya baridi huchelewa na ya moto hukimbia, ndiyo maana mtu hutazama kipimajoto kwanza, halafu saa. Kwamba hata taa nyekundu huunguza filamu ikikaribiwa au ikiwa na ufa. Ulinisomea namna ya kuipima: weka kitu juu ya filamu mpya chini ya taa hiyo, ngoja dakika chache, kisha uioshe. Kesho yake nilifunga mlango wa chumba cha giza nikaweka ufunguo juu ya filamu. Nilipoiosha, ufunguo ukatokea, mweupe, na meno yake yote, kwenye uwanja wa kijivu. Taa yangu ilikuwa na ufa miaka yote hiyo. Nilikaa chini sakafuni.

Tangu siku hiyo nilifanya kazi kwa saa, Awino. Kwa kipimajoto. Devolopa ikichoka nilimwaga, na Daktari akikunja uso nilimwacha akunje. Kila filamu niliiacha kwenye maji yanayotiririka mpaka vidole vikajikunja. Hakuna aliyeniona, maana mlango umefungwa. Lakini nikija nyumbani, mbele yako, nilifumba jicho moja. "Jicho la ukoo." Nilijua njia sawa nikakufundisha ile ya kujionyesha mbele ya watu. Sikutaka uache kunitazama vile.

Sasa kesho unaondoka na jagi la maji mkononi, na mimi siwezi kulichukua. Ningekuja Sindo nikasimame nyuma yako nikuambie "Tazama saa," lakini nani ataniruhusu? Huku kwenyewe nafagia tena, tangu kompyuta ilipokuja. Atakuja mtu kwako siku moja, na shavu limejaa kidogo, anatania, na nje ya mlango kuna anayemngoja. Nakuomba tu usimame pale gizani mpaka saa ilie. Ni muda mrefu kuliko unavyofikiri. Miguu itakuambia imeiva. Jicho litakuambia imeiva. Na ikitoka mbovu, toka nje, mbele ya benchi zima, useme, "Nirudie." Utaona aibu. Mimi sikujua kwamba aibu ile inaisha kabla ya chai ya saa nne.

Ukitaka kumwambia yule mama mkuu ukweli wa hadithi uliyompa, mwambie. Ukitaka kuniacha nayo, niache nayo. Krismasi ukiona huwezi kuja, tutamwambia Mama Ouma ni kazi. Sina la kukuzuia, na sina hadithi nyingine badala ya hii. Nimetafuta.

Nawasikia waimbaji wamemaliza, mtakuwa njiani. Fungua bahasha.

Ndiyo yenyewe, ile filamu ya mama yako. Nilipoichukua Homa Bay sikuirudisha kliniki. Ishike kwa pembeni, uipeleke kwenye dirisha. Kitone kinakutazama, kwa hiyo ni kulia kweli, kulia kwa mama yako. Imekuwa rangi ya chai ya rangi kwenye kingo kwa sababu sikuiachia muda kwenye fiksa wala kwenye maji, na kosa hilo huja polepole, miaka baada ya mgonjwa kwenda. Usitafute uvimbe. Nimeutafuta mimi kwenye kila dirisha la nyumba hii na nimeona ukungu tu. Lakini kile kijino kilichoinama mbele, kinachoonekana kwa mbali, kinafanana na chako. Hicho kilitoka.

Chini ya kadi, pale nilipokwangua, karatasi ni nyembamba na wino mwekundu umesambaa kidogo. Nimeliandika tena jina langu, bila mkia. Nimeiweka hapa mezani na nitaiacha ikauke yenyewe, sitaipuliza.

Imeoshwa na

Zakaria Okumu,
kaka ya mama yako